Lebo Aliyobandika Jicho

Umewahi kumwita mtu mwizi ukiwa umekaa kitini, chai mkononi, bila hata kumjua sura? Usiharakishe kusema hapana. Siku hizi kazi hiyo haitaki hakimu wala askari. Inataka kidole gumba na simu yenye chaji.

Jicho aliifanya siku ya Jumatano, saa ya mapumziko ya mchana, nyuma ya duka la rangi alikoajiriwa, akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Aliifanya kwa nia njema kabisa, na ubaya wenyewe uko hapo.

Jina la Jicho alipewa na wateja. Kazi yake dukani ni kuchanganya rangi. Mtu huja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, kimeliwa na jua na moshi wa jiko, aseme, "Nataka hii hii." Jicho hukigeuza mwangani, akatia tone la nyeusi, akaongeza la njano, akakoroga, akapaka kidogo kwenye kipande chenyewe na kupuliza ikauke. Ikishakauka huoni ya zamani ilipoishia wala mpya ilipoanzia. Mwenye duka, mzee mwenye maneno ya kuuma, hupenda kuwaonya wateja: "Huyu usimletee kipande cha shati. Atakutajia na sabuni uliyofulia."

Mtu mwenye jicho la namna hiyo hawezi kutosheka na kuta. Ndivyo alivyojikuta ndani ya tovuti moja ndogo ya watu wanaotarizi picha kwa sindano na uzi. Si wengi, na hawajulikani ila na wao kwa wao: wauguzi, walimu, mafundi cherehani, akina mama wa majumbani, na wanaume wawili watatu wanaojificha wasichekwe vijiweni. Kila mmoja huipiga picha kazi yake na kuipandisha. Lakini picha isiyo na lebo ni sawa na kitu kilichotupwa stoo; ipo, na hakuna atakayeipata. Kwa hiyo wapo wa kujitolea wanaobandika lebo: mshono gani, kitambaa gani, rangi gani, kuna nini ndani ya picha. Mwisho kabisa huja lebo inayoogopwa kuliko zote, ile ya asili. Hii ni ya kubuni, au imenakiliwa?

Jicho alikuwa bingwa wao. Aligombana na mwenzake wiki nzima kwa sababu ya kuku aliyewekewa lebo ya "ndege." "Kuku ni ndege, sikatai," aliandika, "lakini anayetafuta kuku hatafuti ndege." Alikuwa akikataa neno "kijani" likiwa peke yake kama mtu anayekataa chakula bila chumvi. Kijani cha nini? Cha jani bichi, cha chupa, cha maji yaliyosimama? Watu walimcheka, kisha wakamwamini, kisha wakaacha kumuuliza.

Tovuti ilikuwa na kanuni mbili ambazo Jicho alizipenda kama mtu anavyopenda dini yake. Ya kwanza: picha humfikia mweka lebo bila jina la mwenyewe, pasiwepo upendeleo. Ya pili: mweka lebo hajulikani, hata na wa nyumbani kwake, pasiwepo kubembelezwa. Kanuni hizo zilitungwa na Bibi Mratibu, mwalimu mstaafu wa ushonaji aliyeianzisha tovuti yenyewe. Na kwa sababu ya ile ya pili, Jicho alipoinamia simu jioni mkewe akauliza, "Unafanya nini huko?" alijibu siku zote, "Mambo ya duka."

Basi Jumatano hiyo ikaja picha ya kichwa cha mwanamke, kikionekana kutoka juu. Uso haumo. Ni utosi tu, na nywele zilizosukwa, na zile njia za ngozi katikati ya msuko zikishuka kuelekea kisogoni kama barabara za mji ukiutazama kutoka mlimani. Uzi mweusi, uzi wa kahawia, mshono wa mnyororo uliobanwa vizuri. Njia zote zilinyooka isipokuwa ya tatu kutoka kushoto. Hiyo ilifika juu ya sikio, ikapinda ghafla, ikazunguka kitu kisichoonekana, kisha ikarudi kwenye mstari.

Jicho aliitazama njia hiyo. Hii ameshaiona.

Hakuwa anabahatisha. Mpindo ule aliujua kama anavyojua geti la duka. Alitafuta kwenye tovuti, akashuka na kushuka, vichwa, nywele, misuko, hakuipata. Akajiambia ile ya awali huenda ilishafutwa. Kanuni ilitaka anayebandika "imenakiliwa" aoneshe na chanzo, yaani picha iliyoigwa, ila wakongwe wachache walioaminiwa waliruhusiwa kuliacha sanduku hilo wazi. Jicho alikuwa mmoja wao. Akaliacha wazi. Akabonyeza. Akanywa chai iliyobaki, akarudi kukoroga rangi ya ukuta wa zahanati.

Hebu tusimame hapa. Kumpa kitu cha mwenzako jina ni mamlaka, na mamlaka hayapungui kwa sababu yamekaa ndani ya simu. Mtu akishafika mahali ambapo haulizwi tena umejuaje, yuko hatarini, na walio chini ya kidole chake wako hatarini zaidi. Tunawalaani wakubwa wanaotia sahihi bila kusoma. Sisi wadogo je, tunaobonyeza bila kujua?

Jioni alipofika nyumbani aliwakuta mkewe na shemeji yake sebuleni, na hakuna aliyeitikia hodi. Mkewe ni msusi. Ana kisaluni chake cha chumba kimoja barabarani, njiani kuelekea dukani kwa Jicho. Si kawaida yake kufunga kabla ya jua kuzama. Siku hiyo alikuwa amekaa na mkoba bado begani.

"Kuna msiba?" Jicho akauliza.

"Kaa," mkewe akasema. "Soma hiyo."

Akamsukumia simu mezani. Jicho akaona utosi, njia, na mpindo. Chini yake, kwa herufi nyekundu, lebo yake mwenyewe.

Na wazo la kwanza lililomjia, Mungu amsamehe, halikuwa "nimefanya nini." Lilikuwa "kumbe mke wangu ananakili."

"Hii uliitoa wapi?" akauliza.

Shemeji yake akageuka kitini. Huyu ni mdogo wa mkewe, mwanamke asiyejua kumeza neno. "Aitoe wapi, shemeji? Hicho ni kichwa cha mama yetu."

"Cha mama?"

"Mama alikuwa na kovu juu ya sikio. Aliangukiwa na mlango wa bati akiwa msichana, nywele hazikuota tena hapo. Dada ndiye aliyekuwa akimsuka kila wiki mpaka alipofariki, na kila akifika hapo anazungusha njia, asimuumize. Wewe ungejuaje, mkwe? Mama mbele yako hakuwahi kuvua kilemba."

"Nilikuwa naishona pale saluni wateja wakipungua," mkewe akasema, macho yakiwa kwenye simu. "Nilitaka nikwambie ikishawekwa kwenye Ukuta wa Mwaka, ule ukurasa wa kazi bora za tovuti. Walishaichagua. Mwalimu wa chekechea ninayemsuka ndiye aliyenitia kwenye hiyo tovuti, naye leo ndiye aliyeniletea habari. Ameniambia mbele ya wateja. Kwenye Ukuta wameitoa. Na kazi zangu nyingine zote zimewekwa kando, zikaguliwe." Akaupandisha mkoba begani. "Nimemnakili mama yangu, mwenzangu?"

Jicho alisema anakwenda kunywa maji.

Jikoni kwao dirisha moja halina kioo. Kilipovunjika, Jicho mwenyewe alikunjua boksi la sabuni, akaligongelea misumari, akasema ataleta kioo mwisho wa mwezi. Miezi ikawa inaisha na kuanza. Jua la jioni lilikuwa nyuma ya boksi hilo, limelitia wekundu. Na juu ya boksi, kwa penseli, kulikuwa na kichwa kinachoonekana kutoka juu. Njia zilikuwa zimechorwa, zimefutwa kwa kidole, zimechorwa tena. Njia ya tatu ilifika juu ya sikio ikapinda.

Alisimama na kikombe mkononi, bomba likimwagika. Hapo ndipo alipokuwa akisimama kila asubuhi akimimina chai. Mkewe alichora mahali hapo akingoja maji yachemke, na yeye alipita mbele yake, akaiona, jicho lake likaichukua na kuiweka, kama linavyoweka kila kitu. Halikumwambia tu imetoka wapi.

"Shemeji, unachimba kisima?" sauti ikamfikia kutoka sebuleni.

Alirudi akiwa amekusudia kusema. Kweli alikusudia. Lakini mkewe alikuwa ameshaweka kiti kingine mezani.

"Niandikie barua," akasema. "Kwa huyo aliyebandika. Wewe unajua maneno ya watu wa ofisini. Niambie mtu huyu aombwe vipi."

"Haombwi," shemeji akadakia. "Aulizwe kama ana macho."

"Andika," mkewe akasema. "Andika: wewe uliyebandika, sikujui."

Jicho akaandika kwenye simu ya mkewe. Nikwambie, kuna jela nyingi duniani, lakini sijasikia iliyo nyembamba kuliko kiti kile. Kushoto mkewe akitaja maneno, kulia shemeji akiyanoa, katikati mshitakiwa akijiandikia mashitaka kwa maneno safi. Alipotia "tafadhali," shemeji alilifuta kwa kidole chake mwenyewe. Alipotaka kulainisha neno "umenidhalilisha," mkewe akasema, "Hapana. Liache. Ndilo lenyewe." Walimaliza kwa kusema: kama picha nyingine ipo, nioneshe, kama haipo, nirudishie mama yangu.

Mkewe akabonyeza kutuma. Sekunde hiyo hiyo simu ya Jicho ikatetemeka mfukoni, maana kwenye tovuti ile malalamiko humfikia kwanza aliyebandika.

"Simu yako," shemeji akasema.

"Ni ya duka."

"Duka hilo lina mapenzi," shemeji akasema, akatazamana na dada yake kwa namna ambayo Jicho hakuielewa.

Kesho yake mchana, akiwa juu ya ndoo yake nyuma ya duka, alimpigia Bibi Mratibu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti ya mgonjwa?"

"Kuna lebo nimebandika jana. Nataka kuitoa. Nilikosea."

"Ile ya kichwa? Ulikosea wapi? Uliiona picha ya awali, au hukuiona?"

"Niliiona."

"Basi hukukosea."

"Niliiona nyumbani kwangu, Bibi. Mwenye picha ni mke wangu."

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikivutwa. "Hapo umejifunga kamba. Anayemjua mwenye picha haruhusiwi kuigusa lebo. Kanuni hiyo uliipigia makofi wewe, nakumbuka."

"Basi wape wengine waitoe."

"Nitawapa. Unajua watasema nini? Jicho akisema ameiona, ameiona. Wewe ndiye uliyewazoesha."

"Waambie nimesema hakuna picha nyingine."

"Niwaambie mume amebadili maneno baada ya kugundua ni mkewe? Ungekuwa wewe, mwanangu, ungeamini?"

Jicho alijua asingeamini hata kidogo.

"Nina ushahidi," akasema mwishowe. "Kuna boksi limechorwa."

"Limechorwa lini? Jana usiku?" Hakuwa anamkejeli; aliuliza kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi afike mwenyewe. "Penseli haina tarehe. Kilichobaki kwako ni ubao wa wote. Huko mtu huandika kwa jina lake kamili. Ukishaandika, kubandika lebo basi, mpaka kufa. Na sikuahidi kwamba lebo itatoka. Itakaa ikingoja wenye kuamua, na wenye kuamua wanakuamini ulivyosema mwanzo."

Mwenye duka alichungulia mlangoni. "Kuna mama hapa ana kipande cha ukuta. Anasema umwambie ni rangi gani."

"Sijui," Jicho akasema.

Mzee aliangalia ndoo, akaangalia simu, akaondoka bila kutania.

Jioni alimkuta mkewe uani, akiosha vitana kwenye beseni. Shemeji hakuwepo. Jicho aliinama upande wa pili wa beseni, kwa kuwa alijua akikaa hataanza.

"Aliyebandika ile lebo ni mimi."

Mkewe aliendelea kusugua kitana. "Rudia."

Akarudia. Akaeleza kanuni, na picha zisizo na majina, na yale mambo ya duka ambayo hayakuwa ya duka.

"Kwa hiyo jana ulikuwa unajiandikia barua."

"Ndiyo."

"Na ile simu iliyolia."

"Ndiyo."

"Nilidhani una mwanamke," mkewe akasema. "Mwaka mzima. Na mdogo wangu naye. Tulishampa hata jina." Hakucheka. Alikung'uta maji kwenye kitana, akakiweka juu ya taulo, akachukua kingine. "Umesema uliiona picha mahali."

"Niliiona."

"Wapi?"

"Jikoni. Kwenye boksi la dirishani."

"Kila siku."

"Kila asubuhi."

"Na hukujua ni ya nani."

Kwenye tovuti Jicho angeweza kukuambia uzi ule ni wa pamba au wa hariri, na mshonaji anatumia mkono upi. Hapa alikuwa hana hata neno moja la kubandika.

"Nyumba hii ina watu wawili," mkewe akasema. "Wewe huchori."

Nguo za jirani zilipigwa na upepo kwenye kamba. Jicho akasema ataandika kwenye ubao wa wote kwamba alikosea, na kwamba anaomba radhi, na kwamba—

"Usiandike ulikosea," mkewe akamkata. "Kukosea kila mtu anakosea, watakupa pole. Andika ulipoiona. Hivyo hivyo ulivyoniambia. Jikoni, kwenye boksi, na nani aligonga misumari, na ulikuwa unafanya nini mbele yake. Weka jina lako la shuleni, siyo Jicho."

"Lebo inaweza isitoke."

"Nimesikia." Akainua beseni, akamwaga maji kwenye mfereji. "Siitaki kwa ajili ya tovuti mimi. Nataka wanaonijua wajue."

Akaandika kungali mwanga. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua ya jana, ingawa ilikuwa fupi kuliko ile. Kila alipojaribu kujitetea, sentensi ilikataa kusimama. Alipobonyeza, ule ukurasa wa kubandikia lebo aliouzoea ulifungwa hapo hapo. Kila alipogusa, simu ilimrudisha kwenye ukurasa wa mbele kama mgeni mwingine yeyote. Lebo nyekundu ilikuwa palepale chini ya picha ya mkewe, na pembeni yake neno moja jipya: inangoja. Alikwenda kulala, akamkuta mkewe ameshageukia ukutani.

Asubuhi aliamka nyumba ikiwa kimya. Mkewe alikuwa ameshatoka. Akavaa, akapita njia ile ile ya kila siku kuelekea dukani, na kama kila siku ikambidi apite mbele ya saluni.

Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa fundo pembeni. Ndani wateja walikuwa wamejaa kuliko asubuhi ya kawaida, wengine wamesimama, mmoja amekalia kreti. Mwalimu wa chekechea alikuwa kwenye kiti cha kusukia, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, simu ameinyanyua mbele ya uso. Alikuwa anasoma kwa sauti, sauti ile ya kusomea watoto, akitua kila nukta.

"'Boksi hilo nililigonga mimi,'" alisoma. "'Nilisimama mbele yake kila asubuhi nikimimina chai anayonipikia mke wangu. Niliiona picha. Sikuuliza ni ya nani.'"

Kuna aliyecheka, kisha mwingine. Yule wa kwenye kreti akapiga paja akasema, "Chai aliiona, mpishi hakumuona." Kicheko kikajaa chumba. Shemeji yake, aliyeegemea kioo, peke yake hakucheka. Alikuwa anafuta macho kwa upande wa khanga.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya mwalimu, kitana mdomoni, vidole ndani ya nywele. Aliinua uso, akamwona mumewe pale kizingitini. Jicho hakuweza kuingia, na miguu haikukubali kuondoka. Nyuma yake watu walipita wakienda kazini, wakamkwepa kama wanavyokwepa nguzo.

Mkewe alitoa kitana mdomoni, akakipitisha taratibu juu ya sikio la mwalimu, akichora njia.

"Tuliza kichwa," akasema. "Halafu anza tena mwanzo. Kuna mwenzetu amechelewa."